Fumbo la picha ya kale limegoma: dalili, chanzo na namna ya kulifungua

Michezo ya kufichua yaliyojificha ndani ya picha za akiolojia ina usumbufu mmoja wa peke yake: mchezaji aliyeshindwa na programu iliyoharibika hutoa dalili zile zile. Katika mchezo wa magari, gari likizama ardhini unajua hapohapo kuna kasoro. Hapa unalitazama jiwe, unasogeza taa, huoni kitu, na huna namna ya kujua kama jicho ndilo halijaona au programu ndiyo haijachora. Ndiyo maana watu hufuta mchezo na kuupakua upya, wakapoteza kila walichofikia, kwa tatizo ambalo lingeisha kwa kuigeuza picha kichwa chini.

Majina hutofautiana kutoka mchezo hadi mchezo, ila zana ni zile zile: brashi ya kufuta udongo, taa ya kuzungusha, vichujio vya rangi, kikuzaji na kidokezo. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea zaidi kimetangulia. Usiruke kwenda mwisho wa orodha.

Kwanza, dakika mbili za kupambanua

Fungua fumbo ambalo ulishalimaliza ujaribu zana ile ile inayokusumbua. Ikifanya kazi huko, simu ni nzima na programu ni nzima. Tatizo liko kwenye fumbo hili, au kwenye namna unavyolitazama. Ikigoma huko pia, chunguza kifaa.

Kisha funga programu kabisa, yaani iondoe hata kwenye orodha ya programu zilizo wazi, uifungue tena. Hitilafu inayorudi pale pale baada ya hapo ni ya kweli na ina haki ya kuripotiwa. Inayohamahama, leo hapa kesho pale, aghalabu ni kumbukumbu ya simu iliyojaa au joto.

Dalili: mashimo yanaonekana kama vilima, au mchongo hausomeki

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na mara nyingi hakuna kilichoharibika.

*Mwanga unatoka chini.* Ubongo wa binadamu huchukulia kwamba mwanga hutoka juu, kama jua. Taa ya mchezo ikiwa chini ya picha, kivuli kinakaa upande ambao ubongo hautarajii, na mtaro unageuka tuta mbele ya macho yako. Sogeza taa juu, kidogo upande wa kushoto. Ramani za vivuli vya milima huchorwa kwa kawaida na mwanga wa nyuzi 315, yaani kaskazini-magharibi, ukiwa umeinuka nyuzi 45, hata pale ambapo jua halijawahi kukaa upande huo. Wachoraji wanajua jicho linataka nini.

Picha za setilaiti ni kesi ya peke yake, kwa sababu mwanga wake umeshapigwa na huwezi kuusogeza. Kaskazini ikiwa juu ya picha, na eneo likiwa kaskazini mwa tropiki, jua liko kusini na vivuli vinaangukia juu. Hapo mahandaki yataonekana kuta na kuta zitaonekana mahandaki. Zungusha picha nyuzi 180 na utaona kila kitu kinajipindua. Kama huna uhakika umeshika upande upi, tafuta kitu ambacho umbo lake unalijua, kama mti au nyumba, uone kivuli chake kimelala wapi.

*Taa imeinuka mno.* Mchongo wa kina cha milimita moja au mbili hautoi kivuli chochote taa ikiwa nyuzi 60 juu ya uso wa jiwe. Ishushe hadi kati ya nyuzi 10 na 20. Usishuke zaidi kwa tamaa: chini ya nyuzi 5 hivi, mikwaruzo na vinyweleo vya jiwe lenyewe huanza kutupa vivuli na kuufunika mchongo unaoutafuta.

*Taa inakwenda sambamba na mstari.* Mfereji uliolala katika mwelekeo wa mwanga hauna upande wenye kivuli, kwa hiyo haupo, kwa jicho lako. Huu ndio mtego ambao watunzi wa mafumbo huupenda, na wana haki, kwa sababu huwanasa hata wataalamu wanaosoma ramani za vivuli. Dawa ni utaratibu, si bahati: weka taa chini, kisha izungushe vituo vinane, kila kimoja nyuzi 45 kutoka kilichotangulia, ukisimama sekunde kadhaa kila kituo. Mstari utakaojitokeza kwenye kituo kimoja ukapotea kwenye kingine kilicho robo duara mbali nacho ndio wa kufuata.

*Umefika mpaka wa picha yenyewe.* Katika mafumbo mengi ya aina hii taa haikuchorwa kwa mkono. Kitu hupigwa picha nyingi, pengine 48 au zaidi, kamera ikiwa haisogei na taa ikihamishwa kila mara kuzunguka kuba. Kompyuta kisha hukokotoa namna kila pikseli inavyorudisha mwanga. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 2001 na Tom Malzbender na wenzake wa maabara za kampuni ya HP, na mwaka 2005 ilitumika kwenye vipande vya mashine ya Antikythera, chombo cha kale cha Kigiriki cha kukokotoa mienendo ya anga, huko Athens, shaba iliyolika kiasi kwamba maandishi yake hayakusomeka kwa mwanga wa kawaida. Maana yake kwako: ukivuta taa hadi ukingoni kabisa mwa duara lake, unaomba pembe ambayo haikupigwa picha, na kompyuta inakisia. Chengachenga na mimweko unayoiona pale ni makisio mabaya. Rudi ndani kidogo.

*Kasoro halisi, nayo ni adimu.* Jaribu hivi: chagua nundu unayoijua, weka taa kushoto, uone kama ubavu wake wa kushoto ndio uliong'aa. Kisha weka taa juu. Ikiwa kushoto na kulia vinakubali lakini juu na chini vimebadilishana, ramani ya mielekeo ya uso, inayoiambia programu kila sehemu imeelekea wapi, imepakiwa na chaneli yake ya kijani, ile inayobeba juu na chini, ikiwa imepinduliwa. Ni kosa la kawaida picha inapohamishwa kutoka mfumo mmoja wa michoro kwenda mwingine. Mchezaji hana cha kurekebisha hapo, ripoti.

Dalili: vichujio vyote vimepita, maandishi au mchoro haujitokezi

*Simu inabadilisha rangi kabla hujaziona.* Anzia hapa kila mara. Mwanga wa usiku, ule unaoifanya skrini kuwa ya rangi ya chungwa jioni, hula tofauti ndogo kati ya jiwe la kahawia na rangi nyekundu ya udongo iliyopakwa juu yake, na tofauti hiyo ndiyo fumbo lenyewe. Uzime. Zima pia hali ya kuokoa betri, inayofifiza skrini, na uangalie kwenye mipangilio ya ufikivu kama skrini haikuwekwa rangi ya kijivu. Kisha pandisha mwangaza kwa mkono. Mwangaza wa kujirekebisha wenyewe huchezacheza kila unaposogeza kichwa.

*Kichujio si cha wino huo.* Watu hubonyeza vichujio kwa zamu kama wanafungua kufuli kwa funguo za jirani. Afadhali kujua kila kimoja kinafanya nini:

- Wino wa masizi, yaani kaboni, hubaki mweusi chini ya infraredi, mwanga ulio nje ya nyekundu ambao jicho halioni, hata pale uchafu unaoufunika unapofifia. Maandishi yaliyopigwa weusi na uzee, anza na infraredi.
- Wino wa chuma na tanini hufanya kinyume: kadiri unavyozama kwenye infraredi ndivyo unavyofifia. Huo utafute kwa urujuanimno, mwanga ulio nje ya zambarau ambao jicho halioni, ambako ngozi ya kuandikia hung'aa na wino hubaki mweusi kwa kuufyonza mwanga.
- Rangi nyekundu ya udongo wenye chuma, inayotawala michoro ya miambani, hupauka kwenye infraredi. Hiyo inataka kichujio cha kutanua rangi. Kama mchezo umeiga DStretch, zana aliyoitengeneza Jon Harman kwa ajili ya michoro ya miambani, vifungo vyenye herufi kama YRD na YRE ni vya nyekundu, YBK ni cha nyeusi na buluu, YYE ni cha njano.

*Picha imelala vibaya.* Mfano uliozaa mafumbo mengi ni kitabu cha Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale. Nakala ya kazi zake iliyoandikwa kwa mkono katika karne ya 10 ilikwanguliwa wino, kurasa zikakunjwa katikati, zikageuzwa robo duara na kuandikwa sala juu yake; kazi hiyo ilikamilika mwaka 1229. Kwa hiyo maandishi ya chini yanakwenda wima, yakikatiza mistari ya juu, na mengine yamezama kwenye mkunjo wa kitabu. Jicho linalosoma kushoto kwenda kulia halitayaona hata kichujio kikiwa sahihi. Zungusha picha nyuzi 90 ndipo uhukumu. Na kama ukurasa umefunikwa kwa mchoro mzito wa rangi, kama kurasa kadhaa za kitabu hichohicho zilivyofunikwa na mtu aliyeghushi michoro, mwanga wa aina yoyote hautapenya. Zile zilisomwa kwa mionzi ya eksi iliyotafuta chembe za chuma cha wino. Mchezo wenye fumbo la namna hiyo lazima uwe na zana ya eksirei mahali fulani. Itafute kwenye kisanduku cha zana kabla ya kulaumu picha.

*Macho hayatofautishi nyekundu na kijani.* Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban mwanaume 1 kati ya 12 ana hali hii, na wengi hawakuwahi kupimwa. Dalili yake mchezoni ni ya pekee: unafaulu mafumbo yote ya vivuli na unakwama kwenye ya rangi peke yake. Tafuta mpangilio wa rangi mbadala, au badilisha kichujio kinachotoa nyekundu juu ya kijani kwa kinachotoa buluu juu ya njano. Mchezo hauwezi kukupima, hata ukikwama mara mia; anayepima ni daktari wa macho.

Dalili: rangi zikikolezwa, inatokea gridi ya miraba

Hapana, hukugundua mji. Picha za JPEG hukatwa vipande vya pikseli 8 kwa 8 kila kimoja kikabanwa peke yake, na rangi mara nyingi huhifadhiwa kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, kwa hiyo kwenye rangi miraba huwa ya 16 kwa 16. Kwa jicho la kawaida haionekani. Ukitanua rangi, kila mpaka wa mraba unapanda juu pamoja na mchoro.

Namna ya kupima: kuta za kweli hazikai sawasawa na kingo za picha. Gridi iliyonyooka kabisa na ukingo wa picha, yenye visanduku vilivyolingana bila kosa, ni mbano. Zima kiokoa data, futa akiba ya mchezo, kisha pakua kifurushi cha picha za ubora wa juu ukiwa kwenye Wi-Fi. Miraba ikibaki hata hapo, picha ya awali ndiyo iliyobanwa. Punguza nguvu ya kichujio hadi nusu na uusome mchoro kwa umbo lake zaidi ya rangi.

Ndugu yake ni pembetatu laini kwenye picha za leza. Mafumbo ya msituni huiga vipimo vilivyofanywa kutoka angani, kama vile vya miji ya kale ya Caracol nchini Belize mwaka 2009 na vya Angkor, Kambodia, mwaka 2012: mipigo ya leza hupenya kwenye upenyo wa majani, na ile iliyogusa ardhi ndiyo inayochora ramani mti ukiondolewa. Pale ambapo majani yalikuwa mazito mno, hakuna mpigo uliofika chini, na kompyuta huziba pengo kwa kuunganisha nukta za pembeni. Uso bapa, wenye ncha tatu na usio na chembe ya ukorofi ni pengo lililozibwa. Usilipoteze kidokezo pale.

Dalili: nimegusa mahali penyewe, mchezo haukubali

Kidole ni kinene kuliko watu wanavyodhani. Sehemu inayogusa skrini ni milimita 9 au 10 hivi kwa upana, na programu huchagua nukta moja tu katikati yake. Kitu cha milimita 3 hukigusi kwa uhakika. Kuza picha hadi kitu chenyewe kiwe kipana kama ncha ya kidole, ndipo uguse. Hilo peke yake humaliza malalamiko mengi.

Likibaki, fuata mpangilio huu. Futa skrini kwa kitambaa kikavu. Unyevu na mafuta hupotosha mguso. Rudisha ukubwa wa maandishi na ukubwa wa vitu vya skrini kwenye kawaida, kwa sababu baadhi ya michezo hupanga maeneo ya kugusa kwa kipimo kimoja na kuchora picha kwa kingine, na ukiwa umekuza maandishi vitu hivyo viwili vinaachana. Dalili ya hili ni kwamba mguso hukosea kila mahali kwa umbali ule ule na upande ule ule. Kama protekta ni nene au imeinuka pembeni, iondoe ujaribu.

Kwa simu za Android kuna kipimo kizuri kisichohitaji programu ya kupakua. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo kuhusu simu, gusa namba ya muundo mara 7, kisha kwenye chaguo za wasanidi washa mahali pa kielekezi (Pointer location), inayoonyesha njia ya mguso. Sasa kila unapoburuta kidole unaachwa mstari. Chora mistari ya kwenda na kurudi juu ya skrini nzima. Mstari ukikatika daima mahali pamoja, kioo kina sehemu iliyokufa na mchezo hauna kosa. Ukimaliza, zima chaguo hizo.

Acha hapo umwone fundi ikiwa mistari inajichora yenyewe bila kuguswa, au kioo kimeinuka kwenye ukingo, au mgongo wa simu umevimba. Huenda betri imefura na inasukuma kioo kutoka ndani. Usiibonyeze irudi, usiitoboe, usiichaji tena.

Dalili: brashi imefuta kila kitu, asilimia imeganda kwenye 98

Hesabu kidogo inasaidia hapa. Mchezo hauhesabu pikseli za picha yako. Huweka juu yake barakoa ndogo, tuseme ya visanduku 512 kwa 512, na kuhesabu visanduku vilivyofutwa. Hivyo ni visanduku 262,144. Asilimia 2 iliyobaki si vumbi. Ni visanduku zaidi ya 5,200, eneo lenye upana wa karibu moja ya saba ya picha na urefu kama huo. Kipande kikubwa hivyo usingekosa kukiona kikiwa katikati. Kwa hiyo kiko pembeni: mstari mwembamba wa visanduku 10 kwenye ukingo mmoja, kutoka juu hadi chini, unatosha kufanya asilimia 2.

Basi tafuta kingo. Sogeza picha ndani ili ukingo wake utoke chini ya upau wa zana, chini ya tundu la kamera na kwenye pembe za mviringo za skrini, kisha pitisha brashi kuuzunguka wote. Ikiwa picha haisogei, lalisha simu ubavu. Upau huhama na kuacha wazi ulichokifunika.

Asilimia ikiwa 99.6 au zaidi, hapo ndipo ni vumbi kweli. Geuza rangi za skrini kwenye mipangilio ya ufikivu: mabaka ya udongo yanayofanana na jiwe hujitenga ghafla. Pitisha brashi kubwa, si ndogo. Brashi ndogo huwa na kingo laini zinazofuta nusunusu, na baadhi ya michezo haikihesabu kisanduku kilichofutwa nusu.

Kama kaunta inapanda na kushuka, kuna tabaka la pili la udongo chini ya la kwanza na unahitaji zana nyingine. Kama haisogei hata kidogo ukipiga brashi kwenye udongo unaouona kwa macho, anza fumbo hilo upya. Fumbo hilo tu, si mchezo wote.

Dalili: ukivuta karibu, picha ina ukungu

Subiri sekunde 5 mkono ukiwa umetulia. Picha kubwa hukatwa vigae, mara nyingi vya pikseli 256 au 512 kila upande, na vigae vya karibu hupakuliwa pale tu unapoacha kusogeza. Ukiendelea kuburuta, unafuta foleni na kuianza upya kila mara.

Baada ya hapo angalia mtandao na kiokoa data, kisha nafasi ya hifadhi. Simu isiyo na gigabaiti moja hadi mbili zilizo wazi hutupa vigae mara tu inapovipokea. Ukungu ukiwa kwenye kipande kimoja cha mraba huku majirani zake wakiwa safi, kigae kimeharibika njiani: futa akiba ya mchezo. Akiba, si data. Tofauti yake inaelezwa chini, nayo ni tofauti ya kulia au kutolia.

Na kuna ukungu usio na dawa. Setilaiti za kibiashara zenye macho makali hutoa pikseli ya takriban sentimita 30. Chumba cha mita 3 kinapata pikseli 10 kwa upande, na ukuta wa nusu mita haupati hata mbili. Ukiona ngazi-ngazi badala ya ukuta, umefika mwisho wa picha. Kuza nyuma; umbo zima litasomeka kwa mbali kuliko kwa karibu. Mafumbo ya alama za mazao ndivyo yalivyo: juu ya handaki lililojaa udongo mmea hurefuka na kubaki kijani kwa sababu mizizi inapata maji, juu ya ukuta uliozikwa hudumaa na kuwa wa njano mapema, na duara lote huonekana tu ukiwa juu sana.

Dalili: skrini nyeusi, mchezo unajifunga, simu inachemka

Picha ya pikseli 8,000 kwa 6,000 huonekana faili dogo ikiwa imebanwa, lakini ili ichorwe lazima ifunguliwe: baiti 4 kwa kila pikseli, jumla megabaiti 192. Ongeza nakala ndogo za kukuza na kupunguza, inafika 256. Picha ya taa ya kuzungusha ina tabaka kadhaa za namna hiyo. Simu yenye kumbukumbu ndogo huufunga mchezo bila kuaga.

Funga programu nyingine zote, uzime simu na kuiwasha, kisha kwenye mipangilio ya mchezo shusha ubora wa picha ngazi moja. Ukicheza kwenye kivinjari, acha kichupo kimoja tu wazi. Kwenye Chrome andika chrome://gpu kwenye sehemu ya anwani utazame mstari wa WebGL, yaani njia ambayo kivinjari huchora picha za mchezo. Mstari huo ukieleza kwamba kazi inafanywa na programu tu bila chipu ya michoro, washa uharakishaji wa michoro kwenye mipangilio ya mfumo ya kivinjari, kisha sasisha kiendeshi cha michoro cha kompyuta. Picha iliyogeuka nyeusi ghafla katikati ya mchezo huku vifungo vikiendelea kufanya kazi, hiyo ni chipu ya michoro iliyoporomoka. Kuupakia ukurasa upya kunatosha.

Kuhusu joto: chomoa chaja, vua kava, punguza mwangaza, pumzisha dakika 15. Usiiweke simu kwenye friji. Baridi ya ghafla hugeuza unyevu kuwa maji ndani yake, na maji ndani ya simu ni kesi mbaya kuliko joto. Simu inayochemka hata ikiwa imelala bila kutumika inahitaji fundi.

Acha mchezo mara moja pia kama mimweko ya taa inayozungushwa haraka inakuletea kizunguzungu, misuli kurukaruka au kupotewa na fahamu hata kwa sekunde. Hiyo si hitilafu ya kutafutiwa mpangilio, mwone daktari.

Dalili: maendeleo yote yamepotea

Usicheze hata fumbo moja jipya. Michezo mingi huhifadhi kwa kuandika juu ya kilichokuwepo, na ushindi mmoja mpya unaweza kupanda mtandaoni na kufuta nakala nzuri ya zamani.

Kwanza hakikisha umeingia kwa akaunti ile ile. Watu wengi waliodhani wamepoteza kila kitu waliingia kama mgeni baada ya mchezo kusasishwa. Mchezo ukikuuliza uchague kati ya hifadhi mbili, chagua kwa idadi ya mafumbo yaliyomalizwa, usichague kwa tarehe. Ile tupu ndiyo yenye tarehe mpya.

Pili, ulibonyeza nini? Kufuta akiba huondoa picha zilizopakuliwa, ambazo zitarudi. Kufuta data au hifadhi huondoa na maendeleo, na kama hayakuwa yameunganishwa na akaunti, hayarudi.

Kwa wanaocheza kwenye kivinjari: dirisha la faragha halihifadhi kitu likifungwa. Safari nayo, tangu 2020, hufuta kilichohifadhiwa na tovuti baada ya siku 7 za kutumia kivinjari bila kuigusa tovuti hiyo. Mchezo ulioongezwa kwenye skrini ya mwanzo hauguswi na sheria hiyo, kwa hiyo uongeze.

Usipakue programu ya mtu usiyemjua inayodai kurejesha maendeleo. Haiwezi kuingia kwenye hifadhi ya mchezo mwingine bila kuvunja ulinzi wa simu, na ikishauvunja haitaishia kwenye mchezo.

Yanayofanana na hitilafu nayo siyo

Kidokezo kisichobonyezeka kwa kawaida kinasubiri muda wake au mtandao. Kama saa ya simu ilibadilishwa kwa mkono ili kuuruka muda huo, irudishe kwenye kujipanga yenyewe. Michezo mingine hufungia vidokezo inapogundua saa haikubaliani na ya seva.

Picha ya setilaiti isiyo na jina la mahali wala viwianishi, yaani namba za kupata mahali kwenye ramani, imefichwa makusudi. GlobalXplorer, jukwaa la mtandaoni la mwanaakiolojia Sarah Parcak lililoanza na picha za Peru mwaka 2017, liliwaonyesha watu vipande vidogo bila kuwaambia viko wapi, ili waporaji wa makaburi wasifuate nyuma yao. Usibonyeze kitufe cha kuripoti kwa ajili ya hilo.

Ukiripoti, tuma haya

Aina ya simu au kompyuta, toleo la mfumo wake, toleo la mchezo na namba ya fumbo. Pembe ya taa na kichujio kilichokuwa kimewashwa. Hatua za kuirudia hitilafu, kwa mpangilio, na kama ilirudi baada ya kufunga na kufungua. Video ya sekunde 20 inasaidia kuliko picha kumi, hasa kwa matatizo ya taa. Namba ya mchezaji itume kwa watengenezaji peke yao, na kama mchezo wako unaonyesha viwianishi vya eneo la kweli, vifunike kabla ya kubandika picha ya skrini popote.